Mwache Akuonyeshe Simu

Tarehe 12 Februari 2003, katika kambi ya Rwampara, mwendo mfupi kutoka Bunia, mkoani Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kamera ilirekodi ziara ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la waasi la UPC, kwa vijana waliokuwa wakifundishwa silaha. Alikuwa amevaa sare za jeshi. Aliwatia moyo, akawaeleza kwamba kazi inayowangoja ni kuwalinda raia. Miongoni mwa waliomsikiliza walikuwamo watoto ambao sura zao peke yake zilitosha kuonyesha kwamba hawajatimiza miaka 15. Video hiyo ilikuja kuonyeshwa mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, na tarehe 14 Machi 2012 Lubanga akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama hiyo, kwa kosa la kuwaandikisha watoto na kuwatumia vitani.

Naanza na Rwampara kwa sababu kila ninapoitwa kuzungumza na wazazi hapa Bunia, katika komuni ya Shari, kuhusu vijana na mitandao, swali la kwanza ni lile lile: tuwanyang'anye simu? Mwaka 2003 hapakuwa na WhatsApp wala Facebook. Ushahidi uliotolewa The Hague ulieleza jinsi wazee walivyopita katika jamii wakihimiza kila familia ichangie vita: ng'ombe, fedha au mtoto. Mtoto aliingia kambini akisukumwa na maneno ya watu aliowaheshimu, na neno lililobeba mengine yote lilikuwa kuwalinda watu wetu. Neno hilo bado lina nguvu Ituri. Limehamia kwenye simu tu, na sasa halihitaji mzee wa kupita mlango kwa mlango.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazazi ni hili. Kijana wa Bunia hataokolewa na baba anayempekua simu usiku akiwa amelala. Ataokolewa na mtu mzima mmoja ambaye yeye mwenyewe, mchana kweupe, anaweza kumpelekea simu na kumwambia "tazama walichonitumia" bila kupigwa wala kunyang'anywa. Mengine yote, pamoja na mafunzo ya kutambua habari za uongo ambayo nayafundisha na kuyapenda, yanategemea hilo.

Najua wazazi wengi wakisema mtandao unaharibu watoto wanafikiria picha za uchi, mavazi na nyimbo za Kinshasa. Siudharau wasiwasi huo. Lakini sisi tunaishi katika mkoa ambao wanamgambo wa CODECO wamekuwa wakiua tangu mwishoni mwa mwaka 2017, ambao makundi mengine, kama lile linaloitwa Zaïre, yalichukua silaha kwa jina la kujilinda, ambao waasi wa ADF wamewaua waumini kanisani Komanda, Julai 2025, na ambao tangu Mei 2021 unatawaliwa na wanajeshi chini ya hali ya dharura. Lubanga, aliyemaliza kifungo chake mwaka 2020, alirudi mwaka 2025 na kundi jipya, CRP. Kila upande una wasemaji wake, kila upande una simu, na kila upande unahitaji vijana. Mzazi anayepambana na mtindo wa nywele wa mwanawe huku hajui mwanawe yumo kwenye makundi mangapi ya WhatsApp anaangalia pasipo na hatari.

Kijana mmoja wa mwaka wa nne wa sekondari alinifuata baada ya somo, akangoja wenzake watoke, kisha akaitoa simu akiishika chini ya meza. Ilikuwa na ufa kioo kizima. Akaniwekea ujumbe wa sauti, karibu dakika mbili. Msemaji alikuwa na sauti ya upole, sauti ya mtu aliyezoea kuhubiri. Aliwaita wasikilizaji wadogo zangu. Alianza kwa kutoa pole: akataja kijiji kilichochomwa, akataja mama mmoja aliyezikwa bila jeneza. Kisha akasema huu ndio wakati ambapo mwanamume anajulikana. Kisha akasema siku zimebaki 3. Mwishoni akawaomba wasiwaambie watu wasio wa damu yetu, na hata mama zao wasiwaambie, kwa sababu mama analia upesi na kilio kinasikika kwa jirani. Halafu ikafuata namba ya simu.

Sitaji kabila la msemaji. Jumbe za namna hiyo nimezisikia kutoka pande zaidi ya moja, na ningeutaja upande mmoja ningekuwa nimeusaidia mwingine.

Nilijiandaa kumweleza kijana yule jinsi ya kuhakikisha habari. Hakutaka hilo. Alisema, kwa Kiswahili chetu cha Bunia: "Mwalimu, mimi siendi. Ila nikitoka mu kundi, bataona." Kwake ukweli au uongo wa ujumbe lilikuwa jambo la pili. Swali lake lilikuwa namna ya kukataa bila kuonekana amekataa, na nani atasimama naye akionekana. Hilo ni swali la usalama wake, na vitabu vingi vinavyotufundisha kuwaelimisha vijana kuhusu mitandao havilifikii, kwa sababu vimeandikwa mahali ambapo kutoka kwenye kundi hakumgharimu mtu chochote.

Ukiusikiliza ujumbe ule mara ya pili, ukiwa umetulia, unaona ulivyopangwa. Unaanza na jambo la kweli na la uchungu, kwa sababu rambirambi inafungua moyo na hakuna anayemkatiza anayetoa pole. Baada ya moyo kufunguka linaingia "sisi", na "sisi" hiyo haiachi nafasi ya rafiki wa dawati moja mwenye jina la upande mwingine. Baadaye inaletwa aibu: anayesita si mwanamume. Inafuata haraka, siku 3, ili usiku wa kufikiri usipatikane. Na mwisho ni siri. Mwandikishaji anaijali siri kuliko namba ya simu aliyoitoa, kwani kijana akishakubali kumficha mama yake jambo moja, amekwisha kuanza kuondoka nyumbani ingawa bado analala humo.

Ndiyo maana kipigo cha mzazi kinafika kwa mwandikishaji kama zawadi. Yeye alimwambia mtoto kwamba nyumbani hakuna wa kuambiwa. Baba akivunja simu ukutani, amethibitisha neno hilo kwa mkono wake. Na simu haikosekani. Vijana wa Shari wanaazimana. Simu moja inapita mikononi mwa watu wanne, mmoja ananunua mega za intaneti, mwingine analeta ujumbe, na wote wanasikiliza pale wanapochaji kwa sababu nyumbani umeme hakuna. Ukimnyang'anya yake, unabaki wewe peke yako usiyejua anachosikiliza.

Februari 2025 tulipata somo gumu zaidi, kwa kuwa aliyesema hakujificha. Goma ilikuwa imeanguka mwishoni mwa Januari, na waasi wa M23 walikuwa wanaingia Bukavu. Tarehe 15 Februari, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mkuu wa majeshi ya Uganda na mtoto wa Rais Museveni, aliandika kwenye X kwamba vikosi vyote vilivyoko Bunia vina saa 24 kusalimisha silaha, la sivyo vitahesabiwa kuwa maadui na kushambuliwa. Aliandika pia kwamba watu wake, Bahima, ambao hapa kwetu huhesabiwa kuwa jamaa wa Wahema, wanashambuliwa. Siku tatu baadaye jeshi la Uganda lilithibitisha kwamba askari wake wamo Bunia. Lakini hawakuja kama ujumbe ulivyosema: maelezo rasmi yalikuwa kwamba wanashirikiana na jeshi la Kongo, FARDC, dhidi ya makundi yenye silaha, ushirikiano uliokuwapo tangu operesheni yao ya pamoja, Shujaa, ilipoanza Novemba 2021.

Sasa mwulize kijana: ujumbe huo ni kweli au uongo? Aliyeuandika ni yeye hasa. Maneno ni yake. Askari walikuja. Shambulio lililoahidiwa halikuja. Kijana aliyefundishwa kwamba kila ujumbe ni ama kweli ama uongo anakwama hapa, na hapa ndipo Bunia ilipokuwa usiku ule. Hofu ilikuwa na msingi.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo mtu wa mbali hawezi kuliona. Vijana wawili wanakaa dawati moja. Mmoja ni Mhema, mwenzake ni Mlendu. Wote wameona picha moja ya skrini. Wa kwanza anasikia kwamba kuna mkubwa mahali fulani anayewajali watu wake, na huenda asiseme, lakini kifua kinapanda. Wa pili anasikia kwamba jamaa wa rafiki yake wameita jeshi la nchi ya kigeni lije kumwua. Hakuna kati yao aliyedanganywa kwa maana ya kawaida. Wameusoma ujumbe ule ule kwa majeraha mawili tofauti, majeraha ya vita vya jamii zao vya mwaka 1999 hadi 2003 ambayo hawakuyaishi, wameyarithi kwenye mazungumzo ya jioni. Mwaka 2003 mitaa ya mji huu iligawanyika kwa kabila, na wazazi wao walijua ni barabara ipi hawaruhusiwi kuivuka. Kijana anayejua hadithi ya upande mmoja tu wa barabara hiyo yuko tayari kwa mtandao hata kabla hajanunua simu.

Nilipoufanyia kazi ujumbe huo na wanafunzi, sikuanza na ukweli wake. Niliandika ubaoni maneno yake bila jina la mwandishi, nikawapa vikaratasi, wasiandike majina yao, wajibu swali moja: ujumbe huu unakufanya utake kufanya nini katika saa moja ijayo? Majibu yalikuwa ya kukimbilia kwa shangazi, kununua mega, kutuma kwa watu wote ninaowajua. Kikaratasi kimoja kiliandikwa: kunyamaza na rafiki yangu. Nilikisoma kwa sauti kama vingine, na darasa lilikaa kimya, kisha msichana mmoja akasema kwamba huyo aliyeandika ndiye ameona kitu ambacho ujumbe ulitaka. Tangu hapo nalianza somo na swali hilo. Nani anasema na ana ushahidi gani yanakuja baadaye. Kwanza kijana ajifunze kuuona mkono unaomsukuma, na aone unamsukuma kuelekea wapi na kumtenga na nani.

Watafiti wana maneno yao kwa jambo hili. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia Mmarekani William McGuire alieleza kwamba mtu aliyeonyeshwa mapema mbinu ya kumshawishi, kwa kiasi kidogo na kwa maelezo, anaisimamia vizuri zaidi itakapomjia kwa nguvu. Watafiti wa Cambridge, wakiongozwa na Jon Roozenbeek na Sander van der Linden, walilijaribu wazo hilo kwenye YouTube, na mwaka 2022 walichapisha matokeo: video fupi zinazoeleza hila, kama vile kuchochea hisia au kumtafuta wa kulaumiwa, ziliwasaidia watazamaji kuzitambua hila hizo. Nayatumia matokeo hayo kwa moyo wote. Na tunahitaji kila msaada, maana utafiti mwingine uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018, uliofuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter, ulionyesha kwamba uongo ulisafiri mbali zaidi na upesi zaidi kuliko ukweli, na waliousambaza hasa walikuwa binadamu, siyo mashine.

Lakini kutambua hila ni nusu ya kazi, na Ebola ilitufundisha nusu ya pili kwa gharama kubwa. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini ulivuka hadi Ituri na haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Uvumi ulikuwa na miguu kila mahali: kwamba ugonjwa ni biashara, kwamba ni siasa za uchaguzi, kwamba sindano ndiyo inayoua. Utafiti uliofanywa Beni na Butembo Septemba 2018, ukachapishwa katika jarida la Lancet Infectious Diseases, ulikuta takriban mtu 1 kati ya 4 haamini kwamba Ebola ipo. Wasiowaamini viongozi walielekea zaidi kukataa chanjo pia. Taarifa sahihi zilikuwapo, redioni na misikitini na makanisani. Zilikataliwa kwa sababu ya kinywa kilichozitoa.

Na wapo waliolipa kwa kusema kweli. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii, aliuawa nyumbani kwake Lwemba, katika teritwari ya Mambasa, Novemba 2019, baada ya kazi ya kuwaelimisha watu kuhusu Ebola. Mke wake alijeruhiwa. Nikilikumbuka jina lake sithubutu kumwambia mtoto wa miaka 16 asimame kwenye kundi lenye watu 200 awajibu wachochezi. Mashirika mengine yanapenda kuwaita vijana wetu mabalozi wa amani mtandaoni na kuwapa fulana. Fulana haizuii risasi. Kijana asibebeshwe ushujaa ambao mtu mzima mwenye cheo anaukwepa.

Kazi ya kujibu hadharani ni ya watu wazima: padri, mchungaji, imamu, chefu wa kartye (mkuu wa mtaa), mwandishi wa Radio Okapi au wa Congo Check. Kazi ya kijana ni kutosambaza, kuonyesha, na kubaki hai.

Tusidanganyike pia kwamba kampuni zenye mitandao zitatufanyia kazi hiyo. Mwaka 2022 gazeti la Time lilieleza hali ya vijana wa Kiafrika waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi kupitia kampuni ya Sama, akiwamo Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliyefukuzwa kazi baada ya kuongoza juhudi za kuunda chama cha wafanyakazi. Ofisi hiyo ya Nairobi ilipewa sehemu kubwa ya bara kwa lugha chache tu. Mwishoni mwa mwaka huo, katika mahakama ya Nairobi hiyo hiyo, Abrham Meareg wa Ethiopia aliishtaki Meta kwa kifo cha baba yake, profesa aliyeuawa Bahir Dar Novemba 2021 baada ya machapisho ya Facebook kumtaja na kumchafua. Kama Kiamhara, lugha ya mamilioni ya watu, kilipita bila kuzuiwa, nani anakaa ofisini akisoma Kilendu, au Kihema, au Kiswahili chetu kilichochanganywa na Kifaransa? Na ujumbe wa sauti wa WhatsApp hausikilizwi na kampuni, kwa kuwa tangu 2016 mazungumzo humo yamefungwa kwa msimbo kati ya anayetuma na anayepokea. Napenda ulinzi huo; unamkinga mwandishi wa habari na mama anayekimbia. Maana yake kwetu ni kwamba mchujaji pekee ni yule mwenye simu mkononi.

Basi tuzungumze juu ya mkono huo, kwa mambo madogo yanayookoa. Kijana asiyeweza kutoka kwenye kundi kwa usalama analizima sauti na kulipeleka kwenye kumbukumbu, hakuna anayejulishwa. Akitoka, wasimamizi wa kundi wanajulishwa hata kama wengine hawajulishwi, kwa hiyo yule kijana wangu alikuwa na haki ya kuogopa. Mishale miwili juu ya ujumbe inaonyesha kwamba umepita mikono mingi kabla ya kumfikia, kwa hiyo yule anayemtumia, hata akiwa mjomba, siye aliyeona. Jambo ambalo wengi hawalijui: WhatsApp isipobadilishwa mipangilio hupakua picha na video yenyewe na kuziweka pamoja na picha za harusi na ubatizo. Kijana anafika kwenye kizuizi barabarani, simu inakaguliwa, na ndani kuna maiti, bunduki na bendera ambazo hakuziomba. Kuzima upakuaji wa otomatiki kunachukua dakika moja na kunaokoa mega pia. Nawafundisha hilo kabla ya jambo lingine lolote, na mara nyingi wazazi nao huleta zao.

Wasichana wanajiwa kwa njia nyingine na ninaona tunawasahau tunapozungumza juu ya bunduki. Akaunti yenye sura ya mvulana mpole inaomba picha, kisha picha nyingine, kisha inageuka: tuma pesa, au tuma zaidi, au nitamtumia baba yako. Au inakuja ajira. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza jinsi wanawake vijana kutoka nchi za Afrika, Uganda jirani yetu ikiwamo, walivyovutwa na matangazo ya mitandaoni ya programu ya Alabuga Start, wakiahidiwa kazi na masomo nchini Urusi, wengine wakajikuta wanaunda droni za vita katika kiwanda huko Tatarstan. Umri uliotafutwa ulikuwa miaka 18 hadi 22. Msichana wa Bunia aliyekimbia kijiji, anayelala katika saiti ya waliokimbia makazi ya Kigonze, hakosei kutaka kazi. Anahitaji mtu wa kukaa naye na kuuliza: nani anashika pasipoti, mkataba uko katika lugha gani, ni nani aliyekwisha kwenda na akarudi?

Kwa yule aliyekwisha kutuma picha, sentensi ya kwanza ya mama ndiyo inayoamua. Akianza na "kwa nini ulifanya hivyo", mazungumzo yamekufa na anayetisha amebaki na nguvu zake zote. Akianza na "umefanya vizuri kuniambia", tishio limepoteza silaha, kwa sababu silaha ilikuwa ni kumwambia mama. Baada ya hapo pesa zisitumwe, jumbe zisifutwe kwani ni ushahidi, akaunti ifungiwe, na mtu mzima ndiye aende kwenye ofisi inayohusika, pamoja naye.

Sheria ipo. Uchochezi wa kikabila ulikatazwa tangu Juni 1966. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kumwandikisha mtoto katika jeshi au kundi lolote lenye silaha. Sheria ya dijitali (Code du numérique) ya Machi 2023 imeuingiza uchochezi huo mtandaoni pia, na haimtazami mtunzi peke yake. Anayesambaza naye anaweza kuwajibishwa. Nawaeleza vijana hilo ili walijue, ila sitaki liwe fimbo yetu kuu. Sheria hiyo hiyo ya dijitali imetumiwa kuwafunga waandishi wa habari, na katika mkoa ulio chini ya wanajeshi mtoto anayeogopa gereza atafuta ujumbe na kunyamaza, badala ya kuuleta.

Ninalo pendekezo moja kwa shule za Shari, na nimekwisha kulifikisha kwa maprefe (wakuu wa shule) wawili. Kanuni za ndani za shule nyingi zinakataza simu: ikionekana inachukuliwa, mzazi anaitwa, wakati mwingine mwanafunzi anafukuzwa siku kadhaa. Sipingi katazo hilo wakati wa masomo. Liongezwe kifungu: mwanafunzi anayeleta simu ili aonyeshe ujumbe wa vitisho, wa uchochezi, wa kuandikishwa au wa kuombwa picha, haadhibiwi kwa kuwa na simu, na anarudishiwa simu yake siku ile ile. Anayepokea asiwe mkurugenzi wa nidhamu, kwa sababu hakuna mtoto anayempelekea siri mtu anayeshika fimbo. Wanafunzi wenyewe wachague walimu wawili, mwanamume na mwanamke, na ikiwezekana wasiwe wa jamii moja. Walimu hao wasiandike jina la mtoto popote. Wakutane na chefu wa kartye na viongozi wa dini kila mwezi, wapeleke maudhui bila majina, ili wenye uwezo wa kujibu hadharani wajibu.

Prefe mmoja alinijibu kwamba wanafunzi watadanganya, kila aliyekamatwa na simu atasema alikuwa anakuja kuonyesha ujumbe. Wengine watadanganya, ni kweli. Nilimwuliza anaona hasara ipi ni kubwa: simu 10 zilizorudishwa kwa uongo, au ujumbe mmoja wa siku 3 ambao haukuletwa. Alisema atalipeleka kwa kamati ya wazazi mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Kifungu chenyewe hakizidi mistari mitano, na nimemwachia nakala iliyoandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa kuwa wazazi watakaokipigia kura wengi wao watataka kukisikia kikisomwa kwa lugha wanayoitumia na watoto wao.